Shamba la Babu ni la Nani?



Imetufikia katika darsa yetu barua kutoka Nyeri. Aliyetuletea ni kijana mmoja anayehudhuria masomo yetu baada ya Isha, ambaye kwao ni huko, na walioiandika ni ndugu zake. Tulipoisoma mara ya kwanza tulidhani ni suala la mirathi tu, ambalo hata mwanafunzi aliyeanza kusoma faraidhi juzi aweza kulijibu. Tulipoisoma mara ya pili tukaona kwamba ndani yake mna suala lingine lililo gumu zaidi, nalo hatukumbuki kuliona likijadiliwa katika kurasa hizi: mtu aliyerithi mti uliopandwa na babake, juu ya udongo uliotengenezwa na babu yake, je, mti ule ni mali yake aufanye atakavyo, au yeye ni mwangalizi tu, aliyepewa aushike mpaka waje wengine?

Wenyewe wametupa ruhusa ya kuitangaza khabari yao bila ya kutaja majina. Twatumai wasomaji wetu wa mjini hawatasema kuwa mambo ya mashamba ya bara hayatuhusu. Wakiyasoma mpaka mwisho wataona kuwa yatuhusu, tena sana.

Jamaa hawa ni Waislamu tangu babu yao, aliyesilimu mjini Nyeri akiwa kijana. Shamba lao ni eka 4, upande wa Mathira, baina ya Karatina na msitu wa Mlima Kenya, mahali penye udongo mwekundu mzito na mvua mbili kwa mwaka. Katika siku za ukoloni mtu wa nchi ile hakuachiwa kupanda buni kwa uhuru kama alivyoachiwa mlowezi. Mlango ulikuja kufunguka kwa mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, ambao pia ndio uliokusanya vipande vya ardhi vilivyotawanyika na kumpa kila mwenye shamba hati kwa jina lake. Babu huyo akapanda mibuni, akasomesha watoto kwa buni hiyo. Kisha mwaka 1989 mapatano ya kimataifa ya kahawa yakavunjika, bei ikaanguka, na mkulima mdogo akawa atoa jasho asione faida. Mwanawe, ambaye ndiye marehemu tunayezungumza khabari zake, akaanza kidogo kidogo kuiondoa mibuni na kupanda maparachichi.

Tunda hili wazee wetu wa pwani waliliita pea, na wengine wakaliita embe mafuta, na kila nyumba kubwa ilikuwa na mti wake mmoja uani usiouzwa tunda. Hakuna aliyedhani kuwa litakuja kuwa biashara ya meli. Leo makontena ya baridi yenye tunda hili yateremka kutoka Murang'a, Nyeri, Kirinyaga na Meru mpaka Kilindini, na kutoka Kilindini yaenda Ulaya na Bara Arabu, na tangu mwaka 2022 yaenda Uchina likiwa bichi, si la kugandishwa tu.

Marehemu alipanda miti 256. Mingi ni ile aina iitwayo Hass, na safu moja ya upande wa juu ni ya aina iitwayo Fuerte. Alichimba mitaro na kuinua matuta ya fanya juu ili mvua isiuchukue udongo, akaweka samadi ya ng'ombe wake na majani makavu chini ya kila mti, akatundika mizinga ya nyuki pembeni, na wakati wa maua hakukubali dawa ya kuua wadudu ipulizwe shambani mwake, hata jirani zake wakimcheka. Alikufa bila ya deni na bila ya wasia. Ameacha mke mmoja, watoto wa kiume 3 na wa kike 2.

Sasa wale ndugu wa kiume wasema hivi, nasi twayaweka maneno yao kwa nguvu zake zote, kwa sababu si maneno ya watu walafi. Wasema: shamba hili likigawanywa litakufa. Eka 4 zikikatwa mafungu sita, kila mtu atapata kipande kisichotosha hata kumlipa mchungaji. Mtaro mmoja wapita katika shamba zima. Mmoja akiufukia kwake, maji yatamwangamiza aliye chini yake. Tena wakaeleza jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Ua la mparachichi hufunguka mara mbili: mara ya kwanza likiwa la kike, na mara ya pili likiwa la kiume. Ua la Hass hufunguka asubuhi likiwa la kike, na ua la Fuerte huwa la kiume asubuhi hiyo hiyo, na jioni mambo hugeuka. Nyuki ndio wanaopeleka unga wa huyu kwa yule. Basi yule atakayepata fungu la juu, akaikata ile safu ya Fuerte kwa kuwa bei yake ni ndogo, atakuwa amepunguza mazao ya ndugu zake wote wala hakugusa hata jani lao moja. Kwa hivyo, wasema, tumeona shamba libaki zima mikononi mwetu sisi wanaume watatu, mama tutamlisha, na dada zetu wameolewa, wana waume zao.

Kisha wakaongeza hoja ya desturi. Zamani, kabla ya hati za serikali, ardhi ya Wakikuyu, waliyoiita githaka, ilikuwa ya mbari, yaani ya ukoo uliotoka kwa babu mmoja, na juu yake alikuwapo mtu aliyeitwa muramati. Huyu hakuwa mwenye mali. Alikuwa msimamizi: aangalia mipaka, agawa pa kulima, na hawezi kuuza peke yake. Jomo Kenyatta ameyaeleza mambo ya ardhi hii katika kitabu chake cha mwaka 1938. Ndugu hao wasema: je, muramati si kama nadhiri wa wakfu? Na sisi tukilishika shamba kama muramati, tumekosa nini?

Twakiri kuwa hoja hii ilitupendeza, na katika darsa wako waliosema kuwa desturi ile ina harufu ya sharia. Hakika mfano uko. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi ya Khaybar, ambayo hakupata mali aliyoipenda kuliko hiyo, alimwendea Mtume (s.a.w.) kumtaka shauri, naye akamwelekeza aizuie asili yake na ayatoe matunda yake. Umar akaitoa kuwa sadaka isiyouzwa, isiyotolewa zawadi wala kurithiwa, na msimamizi wake akaruhusiwa kula kwa wema bila ya kujilimbikizia. Hii ndiyo asili ya wakfu iliyo mashuhuri katika vitabu. Mtu akitazama kwa juu juu ataona muramati na nadhiri ni ndugu.

Lakini iko tofauti ambayo hatuwezi kuiruka. Umar alitoa iliyokuwa yake, akiwa hai, kwa khiari yake. Ndugu hawa wataka kuizuia iliyokwisha kuwa ya wengine. Marehemu angetaka, angeliweza kuliweka shamba wakfu katika uhai wake, au kuusia si zaidi ya thuluthi kwa wasiokuwa warithi. Hakufanya. Saa ile roho yake ilipotoka, mke wake aliingia katika umiliki wa thumuni ya kila mti, na binti zake wakaingia katika mafungu yao, hata kama hakuna aliyewapigia simu kuwaambia. Hati ya serikali haikubadilika siku ile, lakini mbele ya Mwenyezi Mungu mali ilikwisha hama.

Na hoja ya kuwa dada wameolewa twashangaa kuisikia ikitoka katika kinywa cha Mwislamu, kwa sababu hii ndiyo hoja ya yule ami wa watoto wa Saad bin Rabii. Saad alikuwa mtu wa Madina, mji wa mashamba ya mitende, akauawa katika vita vya Uhud, akaacha mke na binti wawili. Ami yao akaichukua mali yote, kama ilivyokuwa desturi. Mama yao akawashika mkono akaenda nao kwa Mtume (s.a.w.), akashtaki kuwa watoto hawa hawataolewa ikiwa hawana kitu. Ikateremka aya ya mirathi, na ami akaamrishwa awape binti thuluthi mbili, na mama yao thumuni, na kilichobaki ndicho chake. Tazama basi: shamba la Madina nalo lilikuwa na mitaro yake na miti yake ya kutegemeana, kwani mtende wa kike hauzai ila kwa unga wa mtende wa kiume. Haikusemwa kuwa shamba litakufa. Na baada ya kutajwa mafungu, Qurani yaita mafungu hayo mipaka ya Mwenyezi Mungu, na yamtisha kwa moto mwenye kuipituka. Desturi si hoja mbele ya mpaka huo, iwe desturi ya Mathira au desturi ya Mombasa.

Tumetaja Mombasa makusudi. Tusije tukakaa barazani tukawacheka watu wa bara. Ni nyumba ngapi za Mji wa Kale ambazo kodi yake hukusanywa na kaka mkubwa, na dada zake hupelekewa kanga siku ya Idi, wakaambiwa nyumba bado iko katika jina la mzee? Ni mashamba mangapi ya minazi, Mtwapa na Takaungu na Malindi, ambayo binti hakuwahi kuiona nazi yake hata moja? Wengine wamekuwa wajanja zaidi: mtu huandika mali yake kuwa wakfu wa watoto wake wa kiume na vizazi vyao, akadhani kuwa kwa kuliita dhulma jina zuri imegeuka ibada. Kenya iliweka sheria ya Makamishna wa Wakfu mwaka 1951, na tangu mwaka 1990 Waislamu wametolewa katika sheria ya kawaida ya mirathi ili waifuate sharia yao. Twaomba tuachiwe sharia yetu, kisha tukiachiwa twaificha chini ya mkeka. Jambo hili lauma, na hatuoni njia ya kulisema kwa upole zaidi.

Basi twarudi kwa wenye barua. Je, kumpa kila mtu haki yake maana yake ni kulikata shamba? Hapa ndipo tuonapo kuwa ndugu hawa, pamoja na watu wengi, wamechanganya mambo mawili. Kugawanya milki si kugawanya udongo. Katika fiqhi kuna mali mushaa, yaani mali ya shirika isiyokatwa mipaka, ambayo kila mshirika ana sehemu yake katika kila chembe yake. Watu wa pwani ndio wangestahiki kuwa wa kwanza kulifahamu jambo hili, maana kwetu tangu zamani mtu aliweza kumiliki minazi katika mchanga usiokuwa wake, na wawili waliweza kushirikiana mwembe mmoja wakagawana embe kwa pishi.

Hesabu yao ni nyepesi. Mirathi yote ifanywe sehemu 64. Mama ana thumuni, sehemu 8. Zabaki 56: kila mwana wa kiume sehemu 14, na kila binti sehemu 7. Kwa miti 256, sehemu moja ni miti 4. Kwa hivyo mama ana kadiri ya miti 32, kila kaka miti 56, na kila dada miti 28. Hakuna haja ya kuitia rangi miti wala ya kujenga ua. Mavuno yauzwe kwa pamoja, gharama zitolewe, na kilichobaki kigawanywe kwa 64. Na yule kaka anayeishi shambani, anayeamka alfajiri kukata majani na kulinda usiku, apewe ujira wake kwanza kwa kazi yake, kama angelipewa mtu baki. Hapa naye dada asimdhulumu kaka, maana twajua pia warithi wanaokaa mjini wakataka fungu kamili la jasho la mwenzao. Wakipenda waweza kumpa sehemu maalumu ya mavuno badala ya mshahara, kama Mtume (s.a.w.) alivyowaachia watu wa Khaybar miti yao kwa nusu ya mazao. Kauli mashuhuri katika madhehebu yetu ya Shafii ni kuwa mapatano haya ni ya mitende na mizabibu tu, lakini Imamu Malik na Imamu Ahmad wameyaruhusu katika miti mingine ya matunda, nasi hatuoni dhiki ya kuyafuata maneno yao katika mahali kama hapa ambapo illa ni moja.

Kaka mkubwa, tulipompelekea haya kwa mdomo wa yule kijana wetu, alirudisha khofu moja ya haki. Alisema: na dada yangu akimuuzia sehemu yake mtu wa nje, je? Mumewe atakuja kukaa juu ya mtaro wa baba. Jawabu lake limo katika hukumu ya shufaa, aliyoipokea Jabir (r.a.): Mtume (s.a.w.) alihukumu shufaa katika kila kisichogawanywa, na mipaka ikishawekwa na njia zikatengwa, hapana shufaa. Maana yake mshirika akiuza kwa mgeni, washirika wenziwe wana haki ya kuitwaa sehemu hiyo kwa bei ile ile. Basi fikiri, ewe kaka. Kulinda shamba la babako dhidi ya mgeni kumo katika kulitambua fungu la dada yako, kwani shufaa ni ya mshirika, na wewe huwezi kuwa mshirika wa mtu unayemwambia hana kitu.

Hayo ndiyo ya haki za walio hai. Sasa lile suala letu la kwanza: je, wasiozaliwa wana haki gani?

Wako waliosema katika darsa kwamba hawana. Haki yataka mwenye haki, na asiyekuwako hana mkono wa kupokea. Mirathi yenyewe haimpi mjukuu chochote maadamu baba yake yu hai, na ikiwa wataka kumpa mjukuu wako, mpe katika uhai wako. Haya ni maneno ya sawa katika mlango wake. Lakini twaona kwamba Sayyidna Umar alilitazama jambo hili kwa mapana zaidi. Ilipofunguliwa nchi ya Sawad ya Iraq, wapiganaji walitaka igawanywe baina yao kama ilivyogawanywa Khaybar, na Bilal (r.a.) alikuwa miongoni mwa waliolishikilia hilo kwa nguvu. Umar akakataa. Aliuliza watakaokuja baadaye watapata nini ikiwa ardhi na watu wake vimekwisha kurithiwa na kushikwa. Akatoa hoja katika Suratul Hashri, ambamo baada ya kutajwa Muhajirina na Ansari wametajwa na wale wajao baada yao. Akaiacha ardhi kwa wenyewe waliolima, akaitia kharaji iwafae Waislamu wote, waliopo na wajao. Kwa hivyo yule aliyesema asiyezaliwa hatajwi, twamwambia: ametajwa, na Umar amemsikia.

Je, hapa hatujawapa wale ndugu silaha waliyoitaka? Hapana. Umar hakuizuia mirathi ya mtu yeyote ili kumlinda ajaye. Aliizuia nchi iliyokuwa bado haijaingia katika milki ya mtu maalumu. Hakuna njia ya kumtendea wema mjukuu kwa mali iliyochukuliwa kwa shangazi yake. Ajaye ana haki ya namna nyingine: haki ya kukuta. Akute udongo juu ya jabali, akute maji katika mto, akute mti usiochoka. Haki hii haipunguzi sehemu ya mtu hata moja katika zile 64. Inampunguzia kila mshirika, kaka na dada sawasawa, uhuru wa kuiharibu. Na hii, kwa maoni yetu, ndiyo maana ya kuwa binadamu ni khalifa katika mali: sehemu yako ni yako kweli mbele ya ndugu yako, na si yako mbele ya aliyekupa.

Mti wenyewe wafundisha jambo hili. Miti yote ya Hass duniani imetoka katika mti mmoja uliomea kwa bahati katika shamba la tarishi mmoja wa California, Rudolph Hass, aliyeuandikisha mwaka 1935 wala hakutajirika nao. Mti ule mama ulikauka mwaka 2002. Lakini kila mche wa Hass ni kikonyo kilichotoka katika kikonyo kilichotoka kwake, kikaunganishwa juu ya shina la mti mwingine. Kwa hivyo matawi yaliyoko Mathira ni matawi ya mti uliokwisha kufa, yamesimama juu ya mizizi isiyokuwa yake. Hatujui mfano ulio wazi zaidi wa namna mtu anavyokula alichokianza mwingine. Na katika hadithi ya Anas (r.a.) iliyomo katika Musnad ya Imamu Ahmad, mwenye mche mkononi ameamrishwa kuupanda akiweza hata kama Kiyama kinasimama, wakati ambapo hapana shaka kuwa hatakula tunda lake wala hana mjukuu atakayelila.

Sasa haki hii ya ajaye yaonekana wapi katika shamba la eka 4? Yaonekana kwanza katika haraka ya kuuza. Miezi ya mwisho wa mwaka, watoto wakikaribia kurudi shule, huja dalali na lori, akahesabu matunda mtini moja moja, akatoa noti. Parachichi haliivi mtini; huvunwa gumu likaivia ndani. Kwa hivyo jicho lapotea upesi. Lililovunwa kabla ya kukomaa halilainiki, hukunjamana likawa kama mpira, na aliyelinunua Marseille au Dubai halitaki tena la Kenya. Serikali, kwa mkono wa Mamlaka ya Kilimo na Chakula, imekuwa katika miaka ya karibuni ikiufunga uvunaji wa kupeleka ng'ambo kwa muda kila msimu kwa sababu hii. Na mwisho wa mwaka 2023, meli nyingi zilipoiacha njia ya Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi zikazunguka kusini mwa Afrika, safari ilirefuka kwa majuma, na tunda bovu huoza njiani likaambukiza zima.

Ndugu zetu wafikiri kuwa hii ni kanuni ya Wazungu wanunuzi. La. Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kukomaa kwake, akamkataza mwuzaji na mnunuzi, na akauliza, kwa maana, Mwenyezi Mungu akilizuia tunda lile, mtu atahalalisha kwa nini mali ya nduguye? Tende yageuka rangi. Parachichi la Hass labaki kijani mtini. Basi alama yake itafutwe kwa elimu: likatwe moja, itazamwe ngozi ya kokwa imekuwa ya kahawia au bado nyeupe, na wenye vyombo hulikausha wakapima uzito uliobaki. Kuijua alama hii kwa mkulima Mwislamu ni katika fiqhi ya biashara yake, kama mwuza dhahabu anavyolazimika kuijua riba. Na mshirika mmoja akimwuzia dalali matunda machanga ya shamba la shirika ili alipe karo ya wanawe, amewadhulumu washirika wenziwe wanne na mama yake, na mnunuzi asiyemjua.

Yaonekana pili katika maji. Mparachichi ni mti wa kiu. Mto Ragati wapita Karatina, ukaingia Sagana, na Sagana ndio Tana. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, na mengine chini yake, yajazwa na mito ya mlima huu na ya Nyandarua, na kinachobaki hushuka mpaka Garissa, Hola na Garsen, kikatoka baharini Kipini. Mpokomo wa Ngao na Morma wa Garsen hawajui jina la mwenye shamba la Mathira, lakini akitega pampu mtoni wakati wa kiangazi bila ya kipimo, mpunga wao wajua. Marehemu alichimba bwawa dogo la kuvuna mvua, akaliweka nailoni, akawa hauchoti mto. Watoto wake watuuliza kama walifukie, maana lachukua pahali pa miti 5. Sisi twasema lisifukiwe. Watu wameshirikishwa katika maji kwa neno la Mtume (s.a.w.), na mshirika wa chini asiyeonekana ni mshirika vile vile.

Waliuliza pia juu ya zaka. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, parachichi halina zaka ya mazao, kwani katika matunda ni tende na zabibu tu, na fedha yake ikifika nisabu na ikakaa mwaka itolewe robo ya ushuri. Imamu Abu Hanifa amewajibisha ushuri katika kila kimeacho, na nusu ya ushuri kwa kinachomwagiliwa kwa gharama, na baadhi ya wanavyuoni wa zama zetu, kama Sheikh Yusuf al-Qaradawi, wameipa nguvu kauli hii. Mtu mwenye eka mbili za mpunga atoe zaka, na mwenye miti mia ya parachichi asitoe kitu mpaka mwaka uzunguke! Nafsi zetu zaelekea kwa Abu Hanifa hapa, na mwenye kushikamana na madhehebu yake hatumlaumu.

Barua yetu ilipokwisha kuandikwa, tukapata khabari kuwa ndugu wale wamekaa na mama yao na dada zao, wakatembea shambani pamoja kuhesabu miti kabla ya kuandikishana. Walikuta miti 253. Mitatu ya chini, mahali maji yanaposimama, ilikuwa imeoza mizizi. Dada mdogo, ambaye aishi Nanyuki na hakuwa amelikanyaga shamba tangu maziko, alinunua miche mitatu iliyounganishwa, akaipanda mvua za masika zilipoanza, juu kidogo penye mteremko. Sasa kaka zake waandika kuuliza: miche hiyo ni ya dada peke yake au ni ya wote? Tumewajibu kuwa kilichopandwa katika ardhi ya shirika kwa idhini ya washirika ni cha shirika, na bei aliyoitoa arudishiwe katika mavuno ya kwanza kabla ya kugawanya, ila ikiwa mwenyewe alikusudia kuwapa. Yeye hajatuambia alikusudia nini.